Miaka Niliyokuwa Mume wa Nesi

Kwa miaka sita nilikuwa mume wa nesi wa zahanati yetu. Nalisema hili mapema ili msomaji asijikwae: mimi ni mwanamke, mwalimu wa shule ya msingi, sasa nimestaafu. Huyo nesi naye ni mwanamke. Ndoa yetu ilikuwa ya jukwaani tu, lakini watu wa Mbinga mpaka kule chini ziwani waliijua kuliko ndoa nyingi za kanisani, na ilipovunjika waliniuliza kwa miaka kosa lilikuwa la nani. Nilikuwa na jibu. Siku hizi silishiki kwa nguvu kama zamani.

Nilizaliwa Mapera, kwenye miteremko ya kahawa na mashimo ya ngolo, kilimo chetu cha kuzuia mmomonyoko. Nilisomea ualimu mbali, nikarudishwa kufundisha nyumbani. Nilipewa chumba na jiko karibu na shule, na nyumba ya wazazi wangu ilikuwa ng'ambo ya bonde. Nikisimama mlangoni asubuhi niliona moshi wa mama. Baba alikuwa mkulima wa kahawa na mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika. Yeye na wenzake ndio waliosomba mawe ya kujengea ghala la chama wakati mimi bado nabebwa mgongoni. Ufunguo wa ghala aliuvaa shingoni kwa kamba ya katani, ndani ya shati, mahali ambapo wengine huvaa rozari. Watu walijua anao, lakini wachache waliwahi kuuona. Mama alisema hata kuoga alioga nao.

Nesi alitoka Lipingo, ufukweni. Hakuwa nesi wa vyeti. Alikuwa mhudumu aliyejifunzia kazi kazini: kuosha vidonda, kupima watoto, kumshika mkono mwanamke anayejifungua. Sisi hatukujua tofauti, tukamwita Nesi, na mganga wa zahanati naye akamwita Nesi. Mumewe wa kweli alivuka ziwa kwenda kutafuta kazi na hakurudi wala kuandika. Binti yao mmoja alilelewa na bibi yake huko huko Lipingo. Kimatengo Nesi hakukijua, nami Kinyasa sikukijua, kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa na maji ndani yake. Ugali laini kwake ulikuwa umepigwa na wimbi. Mtu mlevi alikuwa ameng'oa nanga. Siku moja Nesi alikuja shuleni na sanduku la chanjo, watoto wakaanza kulia kabla hajalifungua, akawaambia hakuna shida, leo anachanja walimu kwanza. Akanishika mkono mimi. Nilipiga kelele ya kweli, kwa sababu sindano ilikuwa ya kweli, na darasa zima likasahau kulia. Hapo ndipo ulipoanzia urafiki wetu.

Mchezo wetu wa kwanza ulitokana na woga wa wanaume. Kina mama wa parokia walitaka igizo fupi kwa siku yao: mume anarudi nyumbani jioni mikono mitupu, mkewe anamhoji. Nesi alikubali kuwa mke. Mume hakupatikana. Kila mwanakwaya wa kiume aliyeombwa alikuwa na udhuru. Hakuna aliyetaka kuhojiwa na mwanamke mbele ya padre na mbele ya mama mkwe wake. Zilipobaki siku mbili nikasema basi mume nitakuwa mimi. Nikaenda nyumbani kuazima koti la zamani la baba, la kijivu, lenye kiraka kwenye kiwiko, na kofia yake ya pama. Baba alikuwa kwenye kikao cha chama. Mama alinipa bila kuuliza.

Siku ilipofika nilisahau maneno. Nilisimama mbele ya watu ndani ya koti linalonuka tumbaku, Nesi ananitazama, na kichwani mwangu hamna kitu. Nikakohoa. Sikuwa nimepanga. Kilichotoka kilikuwa kikohozi cha baba: kifupi, kikavu, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi. Nyuma kabisa mwanamke mmoja akaguna, kisha benchi lake likaanza kutikisika, kisha ukumbi wote. Walikuwa wamemtambua.

Nesi alikuwa mgeni, hakumjua baba kiasi hicho, lakini alijua jambo ambalo mimi nilichukua miaka kulijua, kwamba kicheko kikija unakiacha kitue. Alisubiri. Kisha akasema, "Mume wangu, kule kwetu mwanaume akitoka ziwani anakuja na samaki. Wewe umeshinda shambani kutwa. Umekuja na nini?"

"Nimekuja na uchovu," nikasema.

"Basi lete niubandike."

Neno hilo halikuwemo kwenye igizo, wala langu wala lake. Mpaka leo, watu wa umri wangu pale Mapera wakimwona mtu anarudi kutoka gulioni hana mzigo humwambia alete uchovu ubandikwe, na vijana hucheka bila kujua neno limetoka wapi. Mama yangu alicheka siku ile mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Baadaye akalikunja koti, akanirudishia, na kuniambia nilitunze kwangu, baba asilione.

Tuliitwa mara ya pili, na ya tatu. Jubilei za masista, mahafali ya darasa la saba, harusi, siku za wakulima. Mchezo ulikuwa ule ule wa mume wa mlimani na mke wa ziwani, ila kila mahali tuliongeza kilichotokea wiki ile. Mume amekwenda Mbinga mjini baada ya mauzo, amerudi na redio, hana betri, mke anaiambia redio, "Shemeji, mbona huongei, umechoka safari?" Mume amemsindikiza mke kliniki, anakataa kuingia ndani, anapimwa presha kupitia dirishani. Ilikuwa miaka ile mitumba ilipoanza kumwagwa magulioni, na tukawa na mchezo wa mume aliyenunua suruali yenye mifuko minane akahangaika kutafuta vitu vya kuijaza. Watu walicheka kwa sababu walikuwa na suruali hiyo hiyo mwilini.

Nikiwa ndani ya koti niliweza kusema maneno ambayo mwalimu wa kike asingethubutu. Nilikaa nimepanua miguu. Niliwakatiza watu kauli. Nilikuwa mvivu, mwoga na mjivuni, na bado walinipenda, wanaume kwanza kabisa. Nilipovua koti nilirudi kuwa binti aliyeinamisha kichwa akisalimia. Nilijua siku nzima ya Ijumaa, nikiandika ubaoni, kwamba kesho nitalivaa.

Baba alijua, bila shaka. Hakuna kijiji chenye siri ya miaka. Lakini hakuja kututazama, nami sikumwalika. Alikwenda gulioni Tingi akanunua koti jingine la mitumba, la bluu, na hakuuliza la kijivu liko wapi. Nilimwamkia shikamoo kama kawaida, akaitikia marahaba kama kawaida, tukazungumza juu ya mvua na juu ya kahawa iliyokuwa vichanjani.

Mwaka wa nne tulialikwa Lipingo, kwao. Tulishuka na lori la mahindi, tukiwa tumekaa juu ya magunia, na kila kona ya ule mteremko Nesi alinionyesha maji yakionekana, kisha yakijificha. Kule walicheka mahali ambapo milimani hawakucheka. Mume alipoogopa kuingia kwenye mtumbwi uliokuwa mchangani, pakavu kabisa, na kuushika ukingo kwa mikono miwili akimwuliza mkewe kama kina ni kirefu, wazee wa pale walilala chini. Waliponiona nikicheza kioda pamoja na wanawake, nikiwa na pama kichwani, walileta ngoma ya pili ili nisiache.

Mama yake Nesi alikuwa mtu mkavu, asiyecheka ovyo. Mchezo ulipokwisha alinipokea uani kwake, akaniwekea kiti, na ugali wa muhogo na mbasa, samaki wa kwao, wa kuchoma, kisha akaniita mkwe. Nilidhani ni utani. Aliniuliza kama ninamtunza binti yake. Nikasema ninajitahidi, mama. Akasema kule milimani kuna baridi, na mwanawe tangu utoto ana kifua chepesi, nihakikishe anapata blanketi la pili. Niliporudi Mapera nilimpelekea Nesi blanketi la pili. Mpaka leo sijui yule mama alikuwa anatania au la.

Mwaka huo huo mtu mwenye duka la redio Mbinga alituwekea kinasa sauti jukwaani, na baada ya mwezi kaseti zetu zilikuwa zikipigwa kila penye betri. Siku moja tulipita mbele ya duka lake. Watu wamesimama barazani wanacheka, na sisi tupo nyuma yao, hakuna aliyegeuka. Nesi alisikiliza sauti yake mpaka mwisho. Akasema polepole kwamba hakujua kuwa anasikika kama mama yake.

Kisha likaja soko huria la kahawa. Kabla ya hapo kahawa ilikuwa na njia moja: unachuma, unamenya, unaanika, unapeleka kwenye chama, unasubiri. Sasa serikali ikaruhusu wanunuzi binafsi, nao wakaja na malori, na mizani mipya, na vibanda vya mabati vilivyosimama kwa siku moja. Watu wengi walifurahi na walikuwa na haki ya kufurahi. Chama kilikuwa kimezoea kuwasubirisha. Baba hakulibishia hilo. Alisema tu kwamba lori huja na tairi na huondoka na tairi, bali ghala halina miguu.

Mnunuzi mmoja, mtu wa kutoka nje ya mkoa, mpole, mwenye heshima, alikuwa amesikia kaseti yetu njiani. Akaja mpaka shuleni, akamwamkia mwalimu mkuu, akaomba Jumamosi tukachekeshe kwenye kibanda chake ili watu waje. Tulikwenda. Kwa mara ya kwanza tulikuwa na kipaza sauti na jenereta, na umati ulioshuka mpaka barabarani. Tukaendelea kwenda, Jumamosi hii kijiji hiki, Jumamosi ile kingine, naye akatulipa kila mara. Mimi nilikuwa natamba tu. Kwa Nesi ilikuwa zaidi ya hapo, kwa sababu siku zile barua za kupunguza wafanyakazi zilikuwa zimeanza kusambaa, na wahudumu wasio na vyeti walikuwa wa kwanza. Yake ilifika mwezi wa sita. Aliisoma jikoni kwangu, akaikunja mara nne, akaniambia sasa yeye ni mke wa nyumbani, mume ajikaze.

Ndipo yule mnunuzi akaomba mchezo mmoja mahsusi. Alisema kwa upole tu, hakutushika shingo. Je, hatuwezi kumwonyesha mzee ambaye bado anapeleka kahawa kwenye chama, hataki kusikia habari ya mizani mipya? Watu watacheka, alisema, na kahawa itakuja.

Mchezo huo niliutunga mimi. Nimejaribu kwa miaka mingi kuukumbuka kwa namna nyingine, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tulikaa jikoni, Nesi anachambua maharage, mimi nimevaa koti, na mimi ndiye niliyesema: mzee afike na gunia, avue kofia, aiamkie mizani. Ainame aiambie shikamoo. Na Nesi, amejificha nyuma ya gunia, aitikie kwa sauti nzito, "Marahaba, umechelewa." Nesi alimwaga maharage kwa kicheko. Nilimwambia na habari ya ufunguo pia, kwamba baba anaoga nao. Nilimwambia kama mtu anavyomwambia rafiki yake, si kwa ajili ya mchezo. Alisema huo ufunguo tuuache, huo ni wa watu wakubwa.

Tulicheza Jumamosi, adhuhuri, hapo hapo Mapera. Nilifika na gunia, nikavua kofia, nikainama mbele ya mizani mikuukuu tuliyoazima. "Shikamoo," nikasema. Sauti nzito ikaitikia. Umati ulipasuka. Ni katika kuinuka kutoka kwenye ile kuinama nilipomwona baba. Alikuwa amesimama nyuma, karibu na mti wa mkaratusi, na koti lake la bluu. Hakuja kututazama sisi. Nadhani alikuja kuona ni nani na nani wamepeleka kahawa kwa mnunuzi. Alikuwa ananitazama moja kwa moja, uso umetulia.

Watu wa nyuma walimwona pia. Mmoja akamgusa mwenzake. Vichwa vikaanza kugeuka, benchi baada ya benchi, na kicheko kikageuka navyo, kikaanza kumwelekea yeye. Mimi nilikuwa nimeganda. Hapo Nesi akatoka nyuma ya gunia, akaja mpaka nilipo, akatia kidole kwenye ukosi wa shati langu kama anayetafuta kitu, na kusema kwenye kipaza sauti, "Na ufunguo, mume wangu? Au leo umeoga ukausahau?"

Nikakohoa, mara mbili, kama siku ile ya kwanza. Sikuwahi kusikia kicheko kikubwa kama kile, kabla wala baada. Nilipotazama tena nyuma, baba alikuwa bado amesimama. Alibaki mpaka mwisho, hata wakati wa kupiga makofi, ingawa yeye hakupiga. Kisha akaondoka kwa njia ya kawaida, mwendo wa kawaida.

Kesho yake baada ya misa nilikwenda nyumbani. Alikuwa vichanjani, anageuza kahawa kwa kiganja. Nikamwamkia, akaitikia. Nikaanza kugeuza upande wa pili. Tulifika katikati ya kichanja. Kisha akaniambia, kwa Kimatengo, kwamba kikohozi nakikosea.

"Mimi nakohoa kabla ya kusema," alisema. "Wewe unakohoa kwa kukosa la kusema. Si kitu kimoja."

Nikasema nimesikia, baba. Akageuza kahawa kidogo. Akaniambia ile mizani ya chama waliibeba yeye na wenzake watatu mwaka wa kwanza, lori lilipokwama kwenye tope, wakaifikisha kijijini mabegani. Kwa hiyo kuiamkia, alisema, sikukosea sana. Hakunikataza kitu. Angenikataza, pengine ningeendelea, maana nilikuwa na umri wa kubishana na wazazi. Alinipa chai, akaniuliza habari za shule.

Jumanne Nesi alikuja kwangu na habari kwamba mnunuzi anataka mchezo wa mizani tena, vijiji vitatu zaidi. Nilimwambia siuchezi. Alidhani nimechoka. Nikamwambia siuchezi kabisa, huo wala mwingine wowote kwenye kibanda cha yule mtu. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi, akakiweka chini.

"Wewe ukiacha, kesho asubuhi unaingia darasani," akasema. "Mimi kesho naingia wapi?"

Nilikuwa na mengi ya kumjibu hapo. Ningeweza kumwambia tutafute njia nyingine pamoja. Badala yake nikasema kwamba habari ya ufunguo nilimwambia yeye, sikuwaambia watu.

"Na koti?" aliuliza. "Na kikohozi? Nani aliyevileta jukwaani, ni mimi?"

Hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu alikuwa anasema kweli, na mtu aliyekosa jibu hutafuta jiwe. Nikamwambia bila kikohozi cha baba yangu yeye ni Mnyasa tu anayepiga kelele. Akamalizia chai yake, akakiosha kikombe, akakifudikiza juu ya ungo, akafunga mlango taratibu nyuma yake. Nilimsikia akimsalimia mtu njiani kwa sauti yake ya siku zote.

Nilijiambia atarudi Jumamosi. Kumbe alikuwa ameshapata mume mwingine, kijana wa Mbinga mjini, mwanamume kweli, mwenye tumbo la mto wa kulalia chini ya shati. Walizunguka na mnunuzi msimu ule na uliofuata. Niliwahi kwenda kuwaona, sokoni Mbinga, nikasimama nyuma na kitenge kichwani. Kijana alikuwa hodari wa kuanguka. Alikohoa pia, kikohozi kirefu cha kuchekesha ambacho hakikuwa cha mtu yeyote. Nesi alikuwa yule yule, alijua kusubiri. Lakini kila alipotupa neno, kijana alilidaka na kukimbia nalo peke yake, na yeye akabaki amesimama na mikono mitupu. Nilicheka mara mbili. Nikaondoka kabla hawajamaliza, si kwa hasira, ila sikutaka anione nikipiga makofi.

Msimu wa tatu bei ya kahawa ilianguka na yule mnunuzi hakuja. Kibanda chake kilibaki nguzo, kisha hata nguzo zikachukuliwa kuni. Chama nacho hakikusimama tena. Ghala liligeuzwa mahali pa kuhifadhia mbao za mtu. Najua chama hakikuangushwa na wanawake wawili na koti. Kilikuwa na nyufa zake kabla sisi hatujapanda jukwaani, na baba alikiri hivyo mwenyewe. Lakini niliposikia watu wakimcheka mwenyekiti wa chama cha kijiji kingine kwa kumwamkia "Shikamoo, mizani," nilijua neno hilo lilitoka jikoni kwangu. Baba aliishi miaka mingine tisa. Hatukurudia mazungumzo ya vichanjani. Nesi alikuwa amerejea Lipingo, na hakuaga.

Nilikutana naye tena nilipopelekwa ufukweni kusimamia mitihani. Nilikuwa na alasiri moja tupu. Niliulizia, nikaelekezwa kwenye duka dogo la dawa, lenye meza na rafu tatu. Alikuwa amenenepa kidogo na amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinitazama kwa juu ya miwani, akasema, "Karibu, mwalimu," akasogeza kiti. Mteja aliyekuwa pale, mama mmoja mwenye mtoto, akamwuliza mgeni ni nani. Nesi akamjibu kwamba tulifanya kazi pamoja zamani, milimani. Ni kweli tulifanya kazi pamoja. Sikuwahi kuiita hivyo.

Tulizungumza ya kawaida. Mama yake alikuwa amefariki, nami nilikuwa sijasikia. Nikampa pole iliyochelewa miaka miwili. Binti yake yuko chuo cha ualimu. Aliniuliza habari za baba, nikamwambia naye alishatutoka. Mteja alipoondoka akavua miwani, akaanza kuifuta kwa kanga, na akasema akiwa anaitazama miwani, si mimi:

"Mimi nilimwona baba yako kabla yako. Siku ile."

Nikamwuliza kwa nini basi alisema habari ya ufunguo.

"Watu walikuwa wanamgeukia yeye. Wewe umesimama tu. Nilitaka wageuke warudi kwetu. Sikuwa na neno lingine la haraka lenye nguvu ya kuwageuza."

Nilijaribu kuiona ile adhuhuri upya: vichwa vikigeuka kwenda nyuma, kisha, baada ya neno lake, vikirudi mbele. Ni kweli vilirudi. Lakini ni kweli pia kwamba mtu hupata muda mrefu wa kutafuta sababu nzuri ya jambo alilofanya kwa sekunde moja, na nilijua hilo kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimetumia miaka hiyo kutafuta zangu. Sikumwambia namwamini. Sikumwambia simwamini. Nilimwambia kwamba maneno niliyomwambia jikoni, lile la Mnyasa, yalikuwa mabaya, na nilijua ni mabaya wakati nayasema. Akasema ndiyo, yalikuwa mabaya.

Kisha akaniuliza kama macho yangu bado ni mazima. Nikasema ya karibu ndiyo. Akasema mkaguzi wa dawa anakuja kesho, na yeye herufi ndogo za tarehe kwenye vikasha hazioni tena, alikuwa anamsubiri mtoto wa jirani atoke shule amsomee. Nikavuta kiti mpaka kwenye rafu ya chini. Nilimsomea kasha moja moja, yeye akayatenga: yanayofaa kulia, yaliyopitwa kushoto. Tulifanya hivyo mpaka jua likaingia mlangoni na kutufikia miguuni. Mtoto wa jirani alipokuja tulikuwa tumebakiza rafu moja, na Nesi akamtuma akalete maji ya chai.